Tezi Ihesabuyo Usiku



Jambo nililokusudia kuwaeleza leo ni dogo kwa umbo, walakini lina maana kubwa kwa kila mtu afugaye mbuzi, kondoo, ng'ombe au kuku. Ni habari ya tezi moja iliyo ndani ya ubongo, na jinsi inavyoshiriki katika shauri la kuzaa kwa wanyama. Nimeona yafaa kulieleza jambo hili kwa mifano ya nchi yetu, na hasa ya Dumila katika Mkoa wa Morogoro. Maana mengi yaliyoandikwa juu ya tezi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa kuwatazama wanyama wa nchi za baridi. Na mtu akiyachukua yalivyo na kuyaleta kwetu bila kuyapima, aweza kupoteza fedha yake bure.

Wengi wenu mnapajua Dumila. Ni katika Wilaya ya Kilosa, kwenye njia panda, pale barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma inapoachana na ile iendayo Kilosa. Magharibi yake iko milima ya Ukaguru, na mbali upande wa kusini-mashariki, nyuma ya mji wa Morogoro, iko milima ya Uluguru. Wakulima wa huko hulima mahindi na mpunga, na wafugaji huchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo katika mbuga za bonde la Wami. Mtu akiwauliza wafugaji hao, mbuzi wenu huzaa mwezi gani, watamshangaa. Mbuzi wa kienyeji aweza kuzaa mwezi wowote. Lakini swali hilohilo akiulizwa mfugaji wa kondoo wa Uingereza wa kaskazini, atajibu mara moja: kondoo wangu hupandwa siku zinapofupika kuelekea baridi, na huzaa wakati majani yanapochipua. Kondoo wale hawana kalenda ukutani. Nani basi huwaambia ya kwamba wakati umewadia? Na kwa nini mbuzi wa Dumila haambiwi vivyo hivyo? Hilo ndilo neno la leo.

Mjumbe anayewaambia wale kondoo ni tezi iitwayo pineali. Jina hilo limetokana na tunda la msonobari, maana umbo lake lafanana nalo. Kwa mwanadamu ukubwa wake ni kadiri ya punje ya mpunga. Sehemu nyingi za ubongo ziko mbilimbili, moja kuume na moja kushoto, lakini tezi hii ni moja tu, nayo imekaa katikati. Kwa sababu hiyo mwanafalsafa Mfaransa Descartes, aliyeishi tangu mwaka 1596 hata 1650, alidhani ya kwamba hapo ndipo makao ya roho. Watu wengine baada yake waliidharau kabisa, wakasema ni kiungo kilichobaki tu, kisicho na kazi.

Mwaka 1898 daktari mmoja Mjerumani, Otto Heubner, alieleza habari ya mtoto mdogo wa kiume aliyekuwa na uvimbe mahali pa tezi hiyo, naye alikuwa ameonyesha dalili za kubalehe kabla ya wakati wake. Ndipo watu walipoanza kufikiri ya kwamba labda tezi hii ina neno katika mambo ya uzazi. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, McCord na Allen, walitoa maji ya tezi za ng'ombe wakawapa viluwiluwi wa chura, wakaona ngozi za viluwiluwi hao zikageuka kuwa nyeupe-nyeupe. Basi walijua ya kwamba imo dawa fulani ndani yake, ingawa hawakujua ni dawa gani. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walipata kuitenga dawa hiyo iwe safi, baada ya kuchakata maelfu ya tezi zilizotoka katika machinjio ya ng'ombe. Wakaiita melatonini. Lerner alikuwa daktari wa ngozi, na shabaha yake ilikuwa ngozi. Lakini alichokipata kilifungua mlango mwingine kabisa.

Kazi ya melatonini ni rahisi kueleza. Mwanga uingiapo machoni hupeleka habari kwenye fungu dogo la chembe za ubongo lililo kama saa ya mwili. Kutoka hapo habari hushuka kwa mishipa ya fahamu hata shingoni, kisha hupanda tena hata kufika kwenye tezi ya pineali. Mchana tezi hutulia. Giza likiingia huanza kuitia melatonini katika damu, na kukipambazuka huacha. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa muda mrefu katika damu. Usiku ukiwa mfupi, hukaa muda mfupi. Ni hivyo kwa ng'ombe alalaye usiku, na ni hivyo kwa panya atafutaye chakula chake usiku. Kwa hiyo yafaa tuelewe ya kwamba melatonini ni habari ya giza, na kipimo chake. Tezi hii huhesabu usiku, na kila siku huupelekea mwili jumla ya hesabu yake.

Lakini habari peke yake haizai mtoto. Hapana budi ipatikane njia ya kutoka kwenye hesabu ya usiku hata kwenye korodani za dume na mayai ya jike. Njia hiyo imepita katika vitu viitwavyo peptidi. Peptidi ni mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi mfupi. Kila ushanga ni asidi amino, yaani kipande kimoja cha protini. Ukibadili ushanga mmoja au kuupanga mahali pengine, kazi ya uzi mzima hubadilika. Wahenga walisema, kila mlango kwa ufunguo wake. Na peptidi ni funguo za mwili.

Ufunguo mkubwa wa uzazi una shanga 10. Wataalamu huuita GnRH. Hutengenezwa katika sehemu ya chini ya ubongo iitwayo hipothalamasi, nao hutoka kwa mapigo, kama mtu atwangaye kinu: pigo, kisha kituo, kisha pigo tena. Makundi mawili yaliyoshindana huko Marekani, moja la Andrew Schally aliyetumia ubongo wa nguruwe, na moja la Roger Guillemin aliyetumia ubongo wa kondoo, yalipata kuujua mpango wa shanga zake mwaka 1971, na mwaka 1977 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. GnRH ikifika katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huifanya itoe homoni mbili katika damu, ziitwazo LH na FSH. Hizo ndizo zinazokwenda kukomaza mayai ya jike na kuzifanyisha kazi korodani za dume. Mapigo ya GnRH yakiwa ya haraka kama inavyotakiwa, jike huingia joto na kumkubali dume. Mapigo yakizorota, yote hulala.

Baadaye zikaonekana peptidi nyingine mbili zilizo juu ya GnRH, kama walinzi wawili wa lango. Mmoja hufungua, na mmoja hufunga. Mlinzi afunguaye huitwa kisipeptini. Mwaka 2003 ilibainika ya kwamba mtu asiyeweza kuipokea kisipeptini mwilini mwake habalehe. Mlinzi afungaye aligunduliwa mwaka 2000 na Kazuyoshi Tsutsui wa Japani katika ubongo wa kware, naye huitwa GnIH. Hapo ndipo tezi yetu inapoingia. Mwaka 2005 Tsutsui na wenzake walionyesha ya kwamba kware aliyeondolewa macho pamoja na tezi ya pineali hupungukiwa na GnIH, naye akipewa melatonini GnIH huongezeka tena. Twaona basi ya kwamba hesabu ya usiku humfikia mlinzi, mlinzi huamua juu ya GnRH, na GnRH huamua juu ya LH na FSH. Katika wanyama wanyonyeshao njia huzunguka zaidi: melatonini husomwa kwanza kando ya tezi ya pituitari, na kutoka hapo habari hurudi katika hipothalamasi kwa msaada wa homoni ya tezi ya shingo, lakini mwisho wake ni walinzi walewale.

Labda mtu atauliza, je, tezi ya pineali yenyewe haina peptidi zake? Swali hili limewashughulisha watu wengi. Melatonini si peptidi. Lakini mwaka 1963 wataalamu watatu wa Romania, Milcu, Pavel na Neacşu, walitangaza ya kwamba wameona katika tezi za ng'ombe peptidi yenye shanga 9, iliyofanana na vasotosini, ambayo ni homoni ya ndege, vyura na samaki. Wengine wakachukua peptidi za tezi hiyo wakawapa panya. Mara waliona korodani na mayai yakichelewa kukua, mara hawakuona badiliko lolote. Ilitegemea kipimo, saa ya kuwapa, na umri wa mnyama. Na vyombo vya kupimia viliposafishwa zaidi, wengi waliitafuta vasotosini katika tezi ya mnyama anyonyeshaye wasiipate. Kwa hiyo tuweke mambo mahali pake. Jambo lililothibitika ni ya kwamba tezi huhesabu usiku kwa melatonini, na ya kwamba melatonini huzigusa peptidi za hipothalamasi. Peptidi za tezi yenyewe hazijapata msingi ulio imara kama huo. Mtu akijia na chupa akisema ni peptidi za pineali za kuwazalisha mbuzi wako, muulize maswali kabla ya kufungua mkoba.

Sasa tutazame nguvu ya hesabu hiyo katika nchi za mbali. Mwaka 1965 Hoffman na Reiter wa Marekani walichukua hamsta madume, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wakawapa mwanga wa saa moja tu kila siku. Korodani za hamsta hao zikanywea. Lakini hamsta wengine, walioondolewa tezi ya pineali, walikaa katika giza lilelile na korodani zao hazikunywea. Mwili ulikuwa gizani, lakini hapakuwa na wa kuuambia. Kwa kondoo, katika miaka ya 1980 huko Michigan, kondoo majike walioondolewa tezi walishindwa kutambua urefu wa mchana na usiku. Walipotiliwa melatonini katika damu kila siku kwa muda ulio sawa na usiku mrefu au mfupi, waliitika kana kwamba wameuona usiku huo wenyewe.

Angalieni tena jambo hili. Usiku mrefu humlaza hamsta, lakini humwamsha kondoo. Habari ni ileile, na maana ni mbili. Sisi walimu hatushangai, maana katika shule zenye zamu mbili, kengele ileile iwatoayo wanafunzi wa asubuhi ndiyo iwaingizayo wa mchana. Hamsta hubeba mimba kwa siku 16 tu, basi hupandana siku zikiwa ndefu na kuzaa papo hapo. Kondoo hubeba mimba kwa miezi mitano, basi hupandana usiku ukirefuka ili mtoto azaliwe baridi ikiisha. Wote wawili hukusudia jambo moja: mtoto akute majani na mama akute maziwa.

Basi na turudi Dumila. Katika mji wa London siku iliyo ndefu kupita zote ina mwanga wa saa 16 na zaidi ya nusu, na iliyo fupi kupita zote haifiki saa 8. Tofauti yake ni karibu saa 9. Dumila iko kusini ya Ikweta kwa kadiri ya digrii 6 na nusu. Hapo siku ndefu ya mwezi wa Desemba ina mwanga wa saa 12 na nusu hivi, na siku fupi ya mwezi wa Juni ina saa 11 na dakika 45 hivi. Tofauti yake ni robo tatu za saa tu, nayo imetandazwa katika miezi sita. Tezi ya pineali ya mbuzi wa Dumila haikulala. Kila usiku hutoa melatonini kama ya mbuzi wa Ulaya. Ila hesabu anayoileta ni karibu ileile mwaka mzima. Karani aletaye barua ileile kila siku, hata akiwa mwaminifu, hana jambo jipya la kumwambia bwana wake.

Lakini mvua za Dumila hazifanani mwaka mzima. Kuna vuli, kuna masika, na kuna kiangazi kirefu tangu Juni hata Oktoba, wakati majani yanapokauka na mito kupungua. Mnyama azaaye ovyo katika nchi kama hii humpoteza mtoto. Basi lazima wawepo wajumbe wengine, na wanyama wa porini wametufundisha ni wajumbe gani.

Wa kwanza ni kwelea kwelea, adui wa mpunga, ambaye wakulima wa Dakawa, kwenye barabara hiyohiyo kabla ya kufika Dumila, wanamjua kuliko mwalimu yeyote. Mwaka 1957 A. J. Marshall na H. J. de S. Disney walitangaza majaribio yao juu ya kwelea wa Tanganyika, wakaonyesha ya kwamba mvua, na hasa majani mabichi yanayofuata mvua, ndiyo yanayomwamsha ndege huyu ajenge kiota na kuzaa. Hata hivyo kwelea huyohuyo akiwekwa chini ya taa kwa saa nyingi kila siku, viungo vyake vya uzazi hukua. Maana yake ni kwamba anacho chombo cha kuusikia mwanga. Ila katika nchi yake mwanga hausemi sana, naye amejifunza kuyasikiliza majani.

Wa pili ni nyumbu wa Serengeti. Huko ni karibu zaidi na Ikweta, na tofauti ya mchana kwa mwaka mzima haifiki nusu saa. Walakini karibu ndama wanne katika kila watano huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, yapata mwezi wa Februari, majani yakiwa mabichi katika mbuga za kusini. Mwaka 1977 Anthony Sinclair alitoa rai ya kwamba nyumbu hupatanisha wakati wao wa kupandana kwa kufuata mwezi wa mbinguni. Na mwaka 2018 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Serengeti: nyumbu majike waliosikilizishwa milio ya madume iliyonaswa katika chombo waliingia joto kwa kukaribiana zaidi kuliko wale wasiosikilizishwa. Basi sauti ya dume nayo ni mjumbe.

Wa tatu ni kindege kidogo chenye kichwa cheusi na doa la hudhurungi kifuani, akaaye katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Eberhard Gwinner, mtaalamu Mjerumani, aliwaweka ndege wa namna hii waliotoka Kenya katika vyumba vyenye mwanga usiobadilika mwaka hata mwaka. Hata hivyo viungo vyao vya uzazi viliendelea kukua na kunywea, na manyoya kubadilika, kwa zamu iliyo pungufu kidogo ya mwaka. Kumbe mwili wenyewe una saa ya mwaka ndani yake. Wajumbe wa nje kazi yao ni kuirekebisha saa hiyo isipotee.

Kutokana na hayo tupate neno moja la kushika: mahali ambapo usiku haubadiliki, tezi ihesabuyo usiku haitawali uzazi peke yake, bali chakula, mvua, dume na wenzi wa kundi hupata sauti kubwa zaidi. Nao wote huishia kwenye mlango uleule wa GnRH. Mnyama aliyekonda, mapigo yake ya GnRH huzorota, hata kama usiku ni wa kadiri gani.

Faida ya kuyajua haya ni nini? Nitataja nne.

Kwanza, ni juu ya mifugo ya kigeni. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kisha wakapelekwa kwa wakulima wa Mgeta katika milima ya Uluguru. Norway ni nchi ambayo kaskazini yake jua halizami kabisa katikati ya kiangazi. Mbuzi wa asili hiyo huja na kalenda ya kwao kichwani, wala haifutiki siku ya kushuka melini. Mnyama wa namna hiyo akifika kwetu aweza kukaa muda bila kuingia joto, au kuingia wakati usiotazamiwa, mpaka mwili wake uizoee nchi. Baadaye yeye na uzao wake huweza kuzaa mwezi wowote. Mfugaji asijiharakishe kumwita tasa na kumchinja. Ampe majani mazuri na muda.

Pili, ni juu ya dawa. Katika Ulaya na Australia wafugaji huweka kidonge cha melatonini chini ya ngozi ya kondoo, nyuma ya sikio, ili kumfanya adhani usiku umerefuka na kuingia joto mapema. Kule dawa hiyo ina maana, kwa sababu kondoo wa kule anangoja usiku mrefu. Mbuzi wa kienyeji wa Dumila hangojei usiku mrefu. Kumnunulia dawa hiyo ni kumletea ufunguo mtu ambaye mlango wake u wazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni juu ya malisho. Mbuzi na kondoo hubeba mimba kwa siku 150 hivi. Jike akipandwa mwanzoni mwa Oktoba, atazaa yapata mwanzo wa Machi, masika yakiingia na majani yakichipua. Lakini Oktoba ndio mwisho wa kiangazi, wakati jike amekonda kuliko miezi yote, na walinzi wa lango wamekwisha kufunga. Basi mfugaji atakaye watoto wa Machi na aanze kazi mwezi wa Julai. Mabua ya mahindi ya Dumila na mabua ya mpunga ya Dakawa, ambayo mara nyingi huchomwa moto au kuachwa yaoze, yakusanywe na kuwekwa mahali pakavu. Majike wapewe nyongeza ya chakula kizuri, kama pumba au mashudu ya alizeti, tangu wiki mbili au tatu kabla ya kupandwa, na waendelee kupewa wakati wa kupandwa. Kwa njia hiyo mayai mengi zaidi hupevuka, na mapacha huongezeka. Na hapa mkulima na mfugaji, ambao katika bonde hili wameteta mara nyingi juu ya ardhi na maji, wanacho kitu cha kuuziana badala ya kugombania: huyu ana mabua, na yule ana samadi.

Pamoja na hayo, dume atengwe na majike kwa muda wa mwezi hivi, mbali, wasimwone wala kunusa harufu yake. Akirudishwa ghafula, harufu yake na sauti yake huamsha mapigo ya GnRH, na majike wengi waliotulia huingia joto katika siku chache, wakaribiane kuzaa. Kazi hii haina gharama ila kamba na kijana wa kuchunga.

Nne, ni juu ya kuku. Ndege hutofautiana na mbuzi, maana mwanga hupita katika fuvu lake na kuufikia ubongo wenyewe. Mfaransa Jacques Benoit alilionyesha jambo hilo kwa mabata katika miaka ya 1930. Kuku wa mayai hutaga vema akipata mwanga wa saa 14 hata 16 kwa siku. Kwetu jua hutoa saa 12 na kidogo. Afugaye kuku wa mayai na awashe taa banda lao kabla ya alfajiri au baada ya magharibi, kwa saa zilezile kila siku bila kukosa. Leo akiwasha na kesho akizima, atawachanganya kuku wake, na mayai yatapungua.

Mabibi na mabwana, mtu asidhani ya kwamba elimu ya mambo madogo kama tezi iliyo kadiri ya punje ya mpunga haimhusu mchungaji mwenye fimbo mkononi. Mnyama wake hubeba ndani ya kichwa chake hesabu ya usiku na kumbukumbu ya majira, nayo husikia mvua, majani, harufu na sauti. Mfugaji ajuaye mnyama wake anasikiliza nini, atajua la kumwambia. Na kwa mbuzi wa Dumila, neno la kuanzia ni gunia la pumba na tita la mabua lililohifadhiwa tangu mwezi wa Julai.